Kisahani cha Kiini cha Yai

Tulimzika Bwana Kulwa Kahama siku ya Jumanne, nyuma ya nyumba aliyoijenga alipostaafu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu mchache wa maneno kama yeye. Mjane wake, Mama Shija, alinishika kiganja mbele ya waombolezaji akaniambia, "Minza, wewe ndiye mwanafunzi uliyekaa kwetu. Simama useme neno." Nikasimama. Nikasema jinsi alivyokuwa akifika maabara kabla hata ya mfagizi, jinsi mwandiko wake ulivyosomeka, jinsi alivyonifundisha kazi ambayo hadi leo ndiyo inayonilisha. Watu wakatikisa vichwa, nikakaa. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, lakini lile lililonipasa kulisema sikulisema. Ndani ya basi la kurudi Shinyanga nilijiona kama mtu aliyeingia msibani akatoka bila kutoa pole. Ndiyo maana naandika haya, sasa hivi, kabla sijapoa.

Habari za kwetu na za masomo yangu ya awali nitaziacha. Ninaoutaka ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na miwili, chuo kiliponipeleka kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Masumbwe. Jina la hospitali silitaji. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, meza ya saruji, friji la mafuta ya taa lililonguruma kama paka mgonjwa, na hadubini moja yenye kioo chini yake, kwa sababu jenereta iliwashwa jioni tu na mchana tulitumia mwanga wa jua. Hadubini ile ilikaa kwenye sanduku la mbao lenye mshikio wa ngozi. Bwana Kulwa aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, na kwa miezi miwili ya kwanza mimi nilikuwa mmoja wa hao wasioruhusiwa.

Nililala nyumbani kwake. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta usiofika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia yote: Mama Shija akihesabu rozari, Bwana Kulwa akikohoa, redio ikitafuta steshini. Tulikula ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizotiwa karanga, na asubuhi michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na chai ya rangi. Jumapili Mama Shija alituongezea yai moja moja la kienyeji. Ni kwa yai hilo nilipewa somo lililonifanya nijione mtaalamu. Bwana Kulwa alilipasua lake lililochemshwa, akanionyesha kiini. "Humu kuna mafuta," alisema. "Si ya kukaangia. Yanaitwa fosfolipidi. Kila seli ya mwili wako imezungushiwa utando wa mafuta ya aina hii. Utando ukivunjika, seli imekwisha." Akala nusu, akaendelea huku anatafuna. Kuna bakteria, alisema, anayekaa kwenye udongo na kinyesi, hataki hewa, akiingia kwenye nyama iliyopondeka anatoa kimeng'enya kinachovunja mafuta hayo. Nyama inakufa, chembe za damu zinapasuka, hata seli nyeupe zinazokuja kupigana zinamalizwa kabla hazijashika silaha. "Sasa ukimwotesha bakteria huyo kwenye kisahani ulichochanganya na kiini cha yai, anafanya kazi ile ile aliyoifanya mguuni mwa mtu. Utaona duara jeupe kumzunguka. Utakiona kimeng'enya kwa macho yako."

Sikuweza kulisahau neno hilo, kimeng'enya. Nililirudia nikiosha vyombo. Nilitamani siku moja nilione hilo duara jeupe, na namna nilivyolitamani inanitia aibu kuiandika, kwa sababu ili mimi nilione, ilibidi mtu fulani aoze.

Mtu huyo alikuwa Sayi. Aliletwa saa tatu asubuhi, mwezi wa tano wa kukaa kwangu, amebanwa kwenye pikipiki kati ya dereva na mchimbaji mwenzake. Alikuwa na miaka kama ishirini na minane. Siku mbili kabla, matimba, yale magogo yaliyoshikilia kuta za duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, yalikuwa yameachia, na kifusi kikamkalia kuanzia goti kwenda chini. Wenzake walimfukua, wakamfunga mguu kwa kitambaa na majani, wakadhani atapona kambini. Nilipoitwa wodini kuchukua usaha nilikuta hakuna usaha. Kulikuwa na maji mekundu membamba yenye harufu tamu ya kuchefua, na ngozi ya shavu la mguu ilikuwa imevimba, ina rangi ya shaba. Sista wa wodi akaniambia niiguse. Nikaigusa. Ilialika chini ya vidole, kama kuna majani makavu ndani yake. Ilikuwa hewa. Bakteria walikuwa wanatoa gesi ndani ya nyama.

Nilitandaza yale maji kwenye kioo, nikayapaka rangi, nikaweka chini ya hadubini. Vijiti vinene vya zambarau, vyenye ncha butu, vilijaa kila nilipotazama. Seli nyeupe hazikuwepo, ila mabaki mawili matatu yaliyoraruka. Bwana Kulwa aliinama akatazama kwa muda mfupi tu. Akaandika majibu mwenyewe, akavuka uwanja kumpelekea daktari. Dirishani nilimsikia akisema, "Daktari, hiki kioo kinatosha. Kata." Daktari Haule, kijana kutoka Songea ambaye Kisukuma hakukijua hata cha salamu, akasema atakata juu ya goti saa sita, familia ikisaini.

Bwana Kulwa aliporudi nikamwomba tuoteshe kile kisahani cha kiini cha yai. Alinitazama. "Cha nini? Majibu yameshatoka."

"Nijifunze."

Akakubali. Nilikimbilia kwa Mama Shija kuomba yai, nikalisafisha kwa spiriti, nikachanganya kiini na ile rojo ya kuoteshea, nikachora juu yake maji ya jeraha. Kisahani tulikifungia kwenye mtungi pamoja na sufi ya chuma ya kusugulia masufuria iliyochovywa kwenye maji ya mrututu, ili chuma kinyonye hewa yote mle ndani. Nikakusanya vioo vichafu huku naimba.

Nilikuwa naosha vioo kwenye bomba la nje aliponifuata mke wa Sayi. Aliitwa Nyamizi, mwanamke wa umri wangu, kanga moja kiunoni na nyingine begani, miguu imejaa vumbi, kwa maana alikuwa ametembea kutoka kambini nyuma ya pikipiki. Alinisalimia kwa Kisukuma, na alipoona nimeitika vizuri uso wake ukalegea kidogo. "Dada," alisema, "daktari anataka nitie dole gumba kwenye karatasi wamkate mguu. Mume wangu amesema nisikubali mpaka wajue kwa hakika. Anasema bila mguu atashukaje duarani. Wewe ndiye uliyechukua maji yake. Mmeshajua kwa hakika?"

Nimeishi na jibu langu zaidi ya miaka ishirini. Ningeweza kumwambia: ndiyo, tumejua, nenda ukatie dole. Bwana Kulwa alikuwa ameshasema, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeona. Lakini mtu aliyekuwa akiniuliza alikuwa wa kwanza katika maisha yangu kuniuliza swali kama mtaalamu, na mtungini nilikuwa na kisahani changu mwenyewe. Nikakausha mikono kwenye koti jeupe. Nikasema, "Kuna kipimo kingine nimekiweka mimi. Hakika yenyewe tutaipata kesho asubuhi."

"Basi tusubiri kesho?"

"Kesho asubuhi," nikasema, nikainua kapu langu la vioo.

Alikataa kutia dole. Daktari Haule alimbembeleza, akamgombeza, Sista akatafsiri, naye akajibu kila mara kwamba kipimo kitatoka kesho. Daktari alidhani ni ujinga. Alilipanua jeraha pale pale kitandani, akaagiza penisilini kila baada ya saa nne, akatoka wodini ameufunga mlango kwa kishindo. Mimi nilikuwa maabara nikisoma kinyesi cha watoto. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema.

Asubuhi nilifungua mtungi saa mbili. Kisahani kilikuwa kizuri. Sijui neno jingine. Juu ya manjano ile kulikuwa na vijidoa vya kijivu, na kila kidoa kimezungukwa na duara jeupe kama ukungu wa maziwa, kama vile alivyosema Bwana Kulwa siku ya yai. Kimeng'enya nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nikatoka mbio, kisahani mkononi, nikakatisha uwanja kuelekea wodini nikicheka kwa sauti, natafuta mtu wa kumwonyesha.

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi. Aliniona nikija. Aliona meno yangu yote. Akasimama, akainua mikono, akapiga kigelegele.

Kigelegele kile kilinisimamisha katikati ya uwanja. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua wakageuka. Yeye alikuwa anasema, "Mungu asante, Mungu asante," akinijia, na mimi nilisimama na kisahani changu nisijue nikifiche wapi. "Hakatwi?" aliniuliza. "Dada, hakatwi?" Daktari Haule akatokea mlangoni nyuma yake. Uvimbe ulikuwa umepanda usiku kucha, umepita paja, umeingia tumboni. Mkojo wa Sayi ulikuwa mweusi kama kahawa. "Hakuna tena mahali pa kukata," daktari alisema kwa Kiswahili, na Nyamizi, ambaye Kiswahili cha daktari hakikuwa kikimwingia vizuri, akanigeukia mimi nimtafsirie. Nikatafsiri. Sayi alifariki kabla ya saa nne, akili zake timamu, akiuliza kama matimba yameshabadilishwa.

Walimchukua kwa gari la mkaa kwenda kumzika kwao, mwendo mfupi kutoka Masumbwe. Mimi nilirudi kazini. Bwana Kulwa alikitazama kisahani kwenye kaunta, akatazama uso wangu, akasema tu, "Kichemshe ukitupe. Kile kioo cha jana kitunze." Sikumwambia nilichomjibu Nyamizi bombani. Nilijiambia kwamba penisilini ingeshindwa tu, kwamba siku mbili za kambini ndizo zilizomuua, kwamba huenda hata asingesaini. Mambo haya yana chembe za ukweli, na ndiyo yaliyonilaza usingizi kwa muda.

Kisha, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia Mama Shija sebuleni. Alikuwa ametoka kanisani na habari. "Wakwe wamemfukuza yule Nyamizi," alisema. "Wamemnyang'anya mtoto. Wanasema alikataa mumewe atibiwe, kwamba alimtaka afe. Kuna wanaosema ni mchawi." Huku kwetu neno hilo si tusi la kupita. Mwanamke akishaitwa hivyo, anaweza kuamka siku moja na mapanga mlangoni. Bwana Kulwa akakohoa. Mama Shija akashusha sauti, lakini ukuta ule haukuficha kitu. "Yeye anasema binti wa maabara ndiye aliyemwambia asubiri kesho."

"Minza hajaniambia hivyo," alisema Bwana Kulwa.

"Si umuulize?"

"Nangoja aseme mwenyewe."

Nilikaa na maneno hayo wiki tatu. Naiandika hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nilipojisimulia kisa hiki nilikuwa nasema siku tatu. Wiki tatu nilikula michembe yake, nikaipokea chai kutoka kwake, nikamwona akinitazama na kuondoa macho. Niliogopa chuo kingenifukuza. Niliogopa ndugu wa Sayi. Zaidi ya hapo niliogopa kwamba akishajua hatanifundisha tena, na kazi ile niliipenda. Asubuhi moja kikombe kikanishinda kukiinua, nikasema yote, mpaka kicheko. Mama Shija aliacha kumenya karanga. Bwana Kulwa hakunigombeza. Aliuliza jambo moja: "Ulipomwambia kesho, ulikuwa unajua tayari?"

"Nilikuwa najua."

"Jumamosi tutakwenda kwao," akasema.

Jumamosi alitoa hadubini kwenye kabati, akaiweka kwenye sanduku lake, akalifunga nyuma ya pikipiki ya kukodi kwa mpira. Hakumwomba mtu ruhusa. Kwa hilo alikuja kupewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata nafasi ya ukuu wa maabara akapewa mwingine. Mimi sikujua haya ila baadaye sana, kwa mkewe. Siku ile nilijua tu kwamba tumekaa watatu kwenye pikipiki, na sanduku likinigonga mgongo.

Baba yake Sayi, Mzee Bundala, alitupokea mbele ya nyumba, kwenye benchi karibu na ghala la pamba. Walikuwapo pia mama wa marehemu na kaka yake mkubwa. Nyamizi alikuwa ameitwa kutoka kwao kwa neno la Bwana Kulwa. Alisimama mbali, kwenye kona ya ghala, kana kwamba hata kivuli cha nyumba ile kimekatazwa kwake. "Shikamoo, baba," nilisema. Mzee akaitikia bila kunitazama. Bwana Kulwa akaitoa hadubini, akaiweka juu ya benchi, akageuza kioo chake mpaka kikashika jua, akaweka kile kioo cha siku ya kwanza. "Mzee," alisema, "tumekuja kukuonyesha kilichomuua kijana wako, na kukuambia tulichokosa."

Mzee Bundala alichukua muda kupata mahali pa kuweka jicho. "Naona kama njiti," alisema hatimaye. "Njiti zilizokatwa."

"Ndivyo hivyo. Wanaishi kwenye udongo. Mwili wetu umejengwa kwa vyumba vidogo sana, na ukuta wa kila chumba ni mafuta. Hawa wanatema kitu kinachouvunja ule ukuta. Wakishaingia kwenye nyama iliyopondeka, wanapanda kila saa. Dawa pekee ilikuwa kukata siku ile ile."

"Na huyu," kaka alidakia, akinyoosha kidole kwenye kona ya ghala, "alikataa kukata."

Bwana Kulwa akanitazama. Nikasema, kwa Kisukuma, ili pasiwe na wa kunitafsiria. "Hakujua. Aliniuliza mimi kama tumejua kwa hakika. Nilikuwa nimeshaviona hivi mnavyoviona. Nikamwambia asubiri kesho, kwa sababu nilikuwa na kipimo changu nilichotaka kukitazama. Yeye alifanya kama nilivyomwambia."

Mama wa Sayi alinyanyuka akaingia ndani, na tukamsikia akilia mle, kilio cha siku ya kwanza. Kaka alipiga hatua moja kunijia. Bwana Kulwa akasimama kati yetu, mwembamba vile, mikono imelegea pembeni, na yule kaka akaishia hapo. Mzee Bundala bado alikuwa ameinamia hadubini, ingawa nadhani hakuwa anaona tena kitu. "Kwa nini hukuja kwenye matanga?" aliniuliza.

"Niliogopa, baba."

"Ukaogopa," alisema polepole. "Na huyu tuliyemnyang'anya mtoto, yeye hakuwa na hofu?"

Akanyoosha mkono kuelekea kona ya ghala. "Mayu," alimwita Nyamizi, jina ambalo mkwe humwita mke wa mwanawe mambo yakiwa salama, "njoo utazame."

Nyamizi alikuja. Alikuwa amekonda, na kanga yake ilikuwa safi, imekunjwa kwa uangalifu wa mtu anayekwenda mbele ya baraza. Hakunisalimia. Aliinama akaweka jicho, na tofauti na mzee, yeye alipata mara moja. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kuku walipita chini ya benchi. Bwana Kulwa alisogeza kioo kidogo kulifuata jua, naye akaendelea kutazama.

Alipoinuka alinitazama machoni. "Siku ile ulikuja unacheka," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unachekea hivi?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba sikufikiri, kwamba si hivi hasa bali duara jeupe la kwenye kisahani. Bwana Kulwa hakunisaidia. "Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nachekea hivi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa na jambo moja halijamkaa sawa na sasa limekaa. Kisha akamgeukia Mzee Bundala, akasubiri. Mzee akaita jina la mtoto kuelekea jikoni. Akatoka msichana wa miaka minne, mikono imejaa unga wa udaga. Aliposimama mbele ya mama yake hakumrukia kama nilivyotarajia. Alimwangalia kwanza, akimpima, maana zaidi ya mwezi si muda mdogo kwa mtoto. Nyamizi akachuchumaa, akamfuta unga kwa pindo la kanga, kidole kimoja baada ya kingine, akambeba mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa, akashika njia ya kwenda Masumbwe bila kumuaga mtu.

Nilipiga hatua mbili kumfuata. Sijui nilitaka kumwambia nini. Bwana Kulwa alinishika mkono wa blauzi.

"Mwache aende," alisema. "Ametusikia vya kutosha."